Msiba Katika Kata Nisiyowahi Kuikanyaga

Kuna manispaa moja huko Uingereza ambayo naijua kuliko mtaa niliozaliwa, na sijawahi kuikanyaga. Najua taka za mitaa ya juu huzolewa Jumanne na za mitaa ya mtoni Alhamisi. Najua barabara yenye mashimo, na najua diwani anayeahidi kuyaziba kila uchaguzi unapokaribia. Kiwanda cha viatu kilichokuwa kikilisha nusu ya mji kilifungwa, kikageuzwa maghala, na maghala yakaajiri watu wachache na mashine nyingi. Halmashauri nayo ilinunua jengo la maduka ikitarajia pango lake liendeshe maktaba na vituo vya wazee, kisha maduka yakafungwa moja baada ya jingine hadi likabaki la miwani na la kamari. Haya yote niliyajua nikiwa ghorofa ya nne, mtaa wa Silicon Oasis, Dubai, nimejifunika sweta kwa sababu ya AC, na nje jua linakaanga magari.

Kazi yetu ilikuwa kupokea simu za wakazi. Mtu akipiga nambari ya halmashauri yake kulalamikia pipa la taka, kodi au kibali cha kuegesha gari, alidhani anaongea na mtu aliyeketi nyuma ya soko la mji wake. Kumbe anaongea nami. Kampuni iliyopewa zabuni ya simu zile ilikuwa imezihamishia Dubai kimyakimya, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutosema tulipo. Kwenye kona ya skrini paliwekwa hali ya hewa ya kule, ili mkazi akisema mvua imemchosha, nawe ugune kama uliyelowa. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara. Adhana ikianza, tulibonyeza kitufe cha kuziba sauti na kumwachia mkazi muziki mpaka muadhini amalize.

Mimi ni mwoga, na heri niseme mapema. Siogopi nyoka wala giza. Naogopa watu wenye mamlaka ambao hawajui kama nipo, kwa sababu hao wanaweza kukukanyaga bila hata kuhisi kitu chini ya kiatu. Nilikulia Kitale, tukiwa tunasikia kwenye redio kwamba bei ya mahindi imepangwa na watu walioketi Nairobi, na mama yangu akizima redio na kwenda kuyatazama magunia. Nilidhani nikifika Dubai nitakuwa nimeukimbia woga huo. Badala yake nilijikuta chini ya watu walioketi mbali zaidi, katika ukumbi wenye picha za mameya waliokufa, wakinyoosha mikono kupitisha au kukataa mambo.

Niliogopa kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa na miaka mitano. Tangu aache kunyonya alikaa Kitale na mama yangu, mimi nikiwa mtumishi wa nyumba huko Jumeirah, Dubai, nikimwona kwenye simu akiwa amesogea karibu mno hata naona pua tu. Nilipopata kazi hii ya ofisini ndipo nikaruhusiwa kumleta, kibali chake cha kukaa kikashikizwa kwenye changu. Tulipanga chumba ndani ya fleti ya watu wengi, yeye na mimi na kitanda kimoja, na dada mmoja wa Uganda wa chumba cha pili akawa anamwangalia jioni nikiwa kazini. Asubuhi zote zilikuwa zetu. Nilimpeleka shule kwa miguu, nikimshika mkono kwa nguvu kuliko inavyohitajika, mpaka analalamika.

Kazi ile ikienda, ningepata nyingine. Dubai haikosi ufagio. Lakini kazi ambayo mtu kama mimi huipata haraka ni ya usafi, na kampuni za usafi hulaza watu wao kwenye kambi za Muhaisnah, vitanda vya juu na chini, basi la alfajiri, na mtoto haruhusiwi hata kuja kusalimia. Kurudi nyumbani nisingeweza, kwa kuwa nyumba nzima ya Kitale ilikuwa ikila kwa mkono wangu. Basi hesabu ilikuwa fupi tu: simu za manispaa ile zikiondoka Dubai, mtoto wangu anaondoka nazo.

Na watu walikuwa wameanza kutaka ziondoke. Lilianza kama lalamiko la wazee wachache kwamba wanaopokea simu hawazijui njia za mji. Likaingia katika kampeni za madiwani. Uchaguzi ulipokwisha hakuna chama kilichopata wingi, na katikati akabaki diwani mmoja asiye na chama, mwalimu mstaafu wa kata ya mtoni, ambaye kila upande ulimhitaji. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba simu zirudishwe mjini. Kampuni haikukiri wala kukana kwamba tupo mahali pengine. Nilimchukia yule mzee. Nilikuwa naangalia vikao vyao kwenye simu yangu wakati wa chai, nikimtazama anavyovaa miwani na kuivua, nikimwombea homa ndogo tu ya siku ya kupiga kura.

Dada wa Unguja aliyekaa meza iliyo kando ya yangu alinicheka sana. Familia yao ipo Dubai tangu enzi za babu yake, na woga wa viza haukuwa umemwingia kwenye damu kama mimi.

"Bibi wee, siasa za Wazungu zakuhusu nini?" aliniuliza siku moja. "Huna kura huko, huna hata shangazi."

"Zanihusu," nikamwambia. "Hao watu wakiamua vibaya, mimi mtoto wangu ataenda home. Wewe utabaki unakunywa chai ya karak na baba yako."

"Basi nyamaza, usije ukajipa maradhi. Inshallah hawatafika popote."

Lakini niliendelea kutazama.

Siku yenyewe ninayotaka kuisimulia ilianza kwa simu za kawaida. Kisha akapiga mama mmoja, sauti nyembamba na ya adabu, akasema anataka jina la mumewe liondolewe kwenye hesabu ya kodi ya halmashauri. Nikamwuliza sababu, kama tulivyofundishwa. Akasema mumewe amefariki. Nilitakiwa niseme nasikitika kusikia hivyo, kisha nimwulize tarehe, kisha nimweleze kuhusu punguzo la mtu anayeishi peke yake. Skrini ilikuwa imenipangia maneno yote, moja chini ya jingine.

Sikuweza. Kwetu mtu akikwambia amefiwa, huendi kwenye shida iliyomleta. Unakaa kwanza. Unauliza alikuwa anaumwa nini, alifia nyumbani au hospitali, nani yuko nawe hapo nyumbani. Nikamwuliza hayo yote. Mama yule akasita kidogo, nadhani hakuzoea, kisha akanijibu. Mumewe aliugua mapafu. Alifia hospitali, siku kadhaa zilizopita. Walifanya kazi wote wawili kiwandani, yeye akishona, mumewe akikata ngozi. Mazishi yangekuwa Ijumaa ya wiki inayofuata.

"Na nani yuko nawe nyumbani sasa?" nikauliza.

"Hakuna mtu," akasema. "Nina paka."

Nikadhani hakunielewa. Nikamwuliza kuhusu majirani, wanaokuja jioni. Akasema majirani wa zamani wamehama, wapya hawajui majina. Nikamwuliza nani atakwenda kuzika. Akafikiri, akasema atakwenda yeye. Alilisema bila kulia, na hapo ndipo mimi machozi yaliponitoka juu ya kibodi ya kampuni. Kwetu hata mlevi asiye na ndugu akifa, matanga yake hujaa. Watu wanakuja kila jioni mpaka siku ya kuzika, wengine wamefuata chai, haidhuru, lakini nyumba haibaki kimya. Nikaliondoa jina la mumewe kwenye hesabu, nikamwombea Mungu kwa Kiingereza changu, naye akanishukuru kama mtu aliyeletewa kitu mlangoni.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini kichwa changu kilikuwa Kitale. Kitale mtu akifiwa na hana watu, unampigia chifu, na chifu asiposhika unampigia mheshimiwa wa wodi, yaani diwani wetu. Hata kama humpendi. Hata kama hukumpigia kura. Ni kazi yake kuleta hema na viti, kusimama mbele ya watu na kusema maneno marefu juu ya marehemu asiyemfahamu. Mwanasiasa asiyekuja mazishini kwetu hana siku nyingi. Kwa hiyo niliona jambo liko wazi kabisa: mama huyu ana diwani, diwani aambiwe. Nikatazama kata yake kwenye skrini. Ilikuwa kata ya mtoni. Diwani alikuwa ni yule yule mwalimu niliyekuwa nikimwombea homa.

Nambari za madiwani tulikuwa nazo, kwa ajili ya kuwaunganisha na wakazi. Yake niliibonyeza kwenye simu ya mezani, ile iliyokaa karibu na dirisha, kwa sababu laini zetu za kawaida zilikuwa zimejaa. Alishika mara moja.

"Samahani kwa usumbufu, mheshimiwa," nikasema kwa Kiingereza cha kazini. "Napiga kutoka ofisi ya halmashauri. Una msiba katika kata yako."

"Nina nini?"

Nikamweleza. Mtaa, nyumba, mama, mume, kiwanda, Ijumaa. Nilimwambia mama yuko peke yake na hakuna atakayekwenda kuzika. Alisikiliza. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwahi kunipitia akilini kwamba diwani anaweza kuliuliza.

"Unataka nifanye nini?"

"Uende," nikasema.

"Sikumfahamu huyo bwana."

"Haidhuru, mheshimiwa. Unakwenda tu, unakaa. Na mwambie na wenzako." Ilibaki kidogo tu nimwulize habari za hema.

Kabla hajajibu, nyuma yangu, ng'ambo ya barabara, muadhini akaanza adhana ya alasiri. Simu ya mezani haikuwa na kile kitufe. Nilifunika mdomo wa simu kwa kiganja, lakini sauti ilikuwa inapita kwenye kioo kama kawaida yake, safi, haina haraka. Ofisi nzima walikuwa wamebonyeza vitufe vyao. Mimi tu ndiye niliyesimama pale nimeishika adhana mkononi.

"Hiyo ni nini?" akauliza diwani.

"Redio," nikasema.

"Uko wapi wewe?"

Nikakata simu.

Nilirudi mezani kwangu. Dada wa Unguja alikuwa ananitazama, mkono wake ungali juu ya kitufe. Nilipomwambia nilichofanya hakucheka, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angecheka.

"Umempigia yule? Yule wa simu zirudi?"

"Yule yule."

"Subhanallah. Na umempa na habari za mtu, nyumba na jina."

Hapo ndipo nilipokumbuka sheria ya pili, kwamba habari za mkazi hazitoki nje ya meza. Mambo niliyomwambia diwani, kwa macho ya kampuni, yalikuwa ni siri za mteja nilizozitoa kwa simu ya mezani bila idhini. Kwa macho ya Kitale nilikuwa nimetangaza msiba. Nilijua ni macho gani yangenihukumu.

Siku zilizofuata niliishi roho juu. Simu zetu zote zilirekodiwa, hata ile ya mezani, na msimamizi wetu, mama wa Kihindi mwenye sauti ya chini, alikuwa na kawaida ya kusikiliza rekodi za mtu yeyote bila kumwambia. Kila alipopita nyuma yangu nilijifanya nimo katikati ya simu. Alipomwita mwenzetu mmoja ofisini kwake kuhusu likizo, mimi ndiye niliyetokwa jasho. Nikawa nasahau. Nilimfungia mtoto chakula cha shule kisha nikapanda nacho basi la kazini. Nikamwosha uso mara mbili. Usiku nilimsikiliza anavyopumua nikajaribu kufikiri chumba kile bila pumzi hiyo, kisha nikaogopa kwamba kwa kukifikiri nimekiita kije.

Jambo lililonitesa zaidi ni kwamba sikujua ninaogopa mlango upi. Msimamizi angeweza kunifukuza kwa kosa la siri. Diwani angeweza kusimama kikaoni na kusema ameisikia Arabuni kwa masikio yake, kampuni ivuliwe zabuni, na sote meza nzima tuondoke kwa sababu ya mdomo wangu. Nikawaangalia wenzangu wakila biriani kwenye vibakuli vya plastiki, nikaona aibu kana kwamba nimewatilia kitu kwenye chakula.

Ijumaa ya mazishi ikapita, sikusikia lolote. Wiki iliyofuata halmashauri ikaitisha kikao maalumu asubuhi, kuhusu zabuni ya simu peke yake. Asubuhi ya kule ni mchana kwetu. Msimamizi alitushangaza: aliwasha kikao kwenye televisheni kubwa ya ukutani, akaacha sauti ndogo, akasema simu ziendelee kushikwa. Alisema ni haki yetu kujua. Tukawa tunapokea malalamiko ya mapipa huku tukitazama watu waliokuwa wanatuamua.

Ukumbi ulikuwa kama nilivyouzoea. Kiongozi wa halmashauri alisema kuzirudisha simu kutagharimu, na kwamba manispaa tayari inafunga vituo vya vijana na kuuza maegesho ya magari ili ipumue. Mwingine akasema wakazi hawajali nani anashika simu mradi pipa lizolewe. Nikawapenda wote wawili. Nilikuwa nikitingisha kichwa kama niko kanisani. Nikaanza kuhesabu mikono akilini, huyu wetu, yule wetu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mabega yalinishuka.

Kisha diwani wa mtoni akasimama. Alivaa miwani, akaivua.

Alisema alikuja na hotuba nyingine, ameiacha nyumbani. Alisema siku si nyingi alipigiwa simu na mtu aliyesema yuko ofisi ya halmashauri, kumwambia kuna mtu amekufa katika kata yake. Dada wa Unguja alinishika goti chini ya meza. Diwani akasema amekuwa diwani muda mrefu na amepigiwa simu kuhusu mashimo, mbwa, taa na uzio, lakini hajawahi kupigiwa simu kuambiwa mtu amekufa, wala haikumjia kwamba hiyo ni kazi yake. Akasema alikwenda. Alikwenda na mkewe na watu wawili waliowahi kufanya kazi kiwandani, ambao mkewe aliwatafuta. Mjane alikuwa amekaa benchi la mbele peke yake. Hakuwauliza wamejuaje. Aliusogeza tu mkoba wake ili wapate pa kukaa.

Nami nilikuwa nalia, nusu kwa mama yule, nusu kwa hofu, sikuweza kuzitenganisha. Kwa dakika ile niliamini ameniokoa. Niliwaza, mtu anayesema maneno mazuri namna hii hawezi kumalizia na ubaya.

Akaendelea. Akasema hajui aliyempigia ni nani, na hatamtafuta, kwa kuwa anahofia atamponza. Anachojua ni kwamba simu ile haikutoka manispaa hii, wala nchi hii. Akasema mtu huyo anafahamu ujirani kuliko yeye aliyechaguliwa kwa ajili yake. Lakini mtu huyo hakuweza kufanya alichotaka kukifanya, yaani kuvaa koti na kwenda kugonga mlango. Ilimbidi ampigie mwingine. "Nataka anayeshika simu aweze kwenda," akasema. "Hilo tu." Akaketi.

Mikono ikanyanyuka. Wale niliowahesabu kuwa wetu, watatu wao walinyanyua mikono na wale wengine. Mmoja alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa pili. Hoja ya kurudisha simu mjini ikapita.

Ofisini simu zilikuwa zinalia na hazikushikwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Msimamizi akazima televisheni, akaja mpaka mezani kwangu, akainama.

"Niliisikiliza ile simu siku ile ile," akasema. "Niliifuta. Mama yangu alikufa Kerala nikiwa hapa." Kisha akanyooka, akasema kwa sauti ya wote, "Khalas, basi. Shikeni simu."

Nikashika. Ilikuwa ni mtu wa pipa.

Nimewaza sana juu ya yule diwani, na sijaweza kumchukia tena, jambo linaloniudhi. Afadhali angekuwa mwovu. Alinisifu mbele ya ukumbi mzima, na kwa sifa hizo hizo akanikata miguu. Ningelibaki kimya na skrini yangu, pengine wale watatu wangelibaki upande wetu. Au pengine wangenyanyua mikono vilevile. Sina wa kumwuliza. Dada wa Unguja anasema ndivyo ilivyoandikwa, nisijichokonoe. Yeye alirudi kwenye duka la baba yake lililoko mtaa wa Deira. Wenzetu wengine walitawanyika, mmoja mapokezi hotelini, mmoja kwao Mombasa. Mimi nilipata kazi haraka kama nilivyojua nitapata: kampuni ya usafi, basi la alfajiri, kitanda cha juu Muhaisnah.

Dada wa Uganda alikuwa anakwenda likizo kwa ndege inayopitia Nairobi, akakubali kumchukua mtoto mpaka mikononi mwa mama yangu, shosho yake, atakayempokea Nairobi. Niliahirisha kumwambia mtoto mwenyewe mpaka asubuhi yenyewe ya safari. Nilikuwa nimeketi kitandani, yeye sakafuni kati ya magoti yangu, namsuka. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata nilimwomba dada awe karibu, kwa maana niliogopa nikimwona analia sitaweza kumwachia.

"Leo unaenda kwa shosho," nikasema.

Mikono yake iliacha kuchezea kichana. "Kitale?"

"Kitale."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki kazini kidogo, halafu nitakuja."

Akageuka kunitazama, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu aje Dubai, na ndipo nikafahamu kwamba asubuhi zote zile, njiani kwenda shule, nilikuwa nimeushika mkono wa mtoto aliyekuwa anangoja kurudi nyumbani. Akauliza kama kuku wangali wapo. Akauliza kama atalala na shosho kitanda kile kile. Aliruka akaenda kujaza begi lake la shule, kikombe, soksi, kitabu cha kupaka rangi, akarudi akaketi tena kati ya magoti yangu na kunipa kichwa chake.

"Mama, suka haraka," akasema. "Ndege itaniacha."

Nilimwambia mstari mmoja umekaa vibaya. Nikaufumua, nikaanza upya.